Re: Kipato cha wanandoa hupanda mpaka lini?
Ndugu, umeuliza kama kipato chenu kitaendelea kupanda kila mwaka kama ilivyokuwa tangu muoane. Sidhani. Kasi kubwa huwa kwenye umri wa miaka ya 20 na 30, mtu anapobadilisha kazi na ujuzi ukiongezeka. Kisha anakuja mtoto. Hapo mara nyingi mama ndiye anayepunguza saa za kazi au kuacha kabisa, na hata akirudi, pengo lile humfuata miaka mingi. Mshahara wa baba, ajabu, hautikisiki. Kwa hiyo, kama mnafikiria mkopo wa nyumba, upigieni hesabu kwa mshahara mmoja. Kilele cha kipato kwa kawaida huja kati ya umri wa miaka 45 na 54, halafu kustaafu hukishusha. Mkiwa mmepishana sana umri, mteremko utaanza mmoja wenu akiwa bado kazini.