Maswali ya wasomaji: Matembele, mawese na vitamini A

SWALI: Mwanangu ana miaka miwili, na karibu kila siku anakula ugali kwa matembele ya kuchemsha. Zahanati bado wananisisitiza asikose matone ya vitamini A. Kwani mboga hazina? Halafu mawese nayachemsha mpaka harufu iishe na rangi ipauke. Je, nakosea?
Mama wa Mwanga, Kigoma

JIBU: Mama, matembele hayana vitamini A yenyewe. Yana beta-karotini, aina mojawapo ya karotini, ile rangi ya njano na nyekundu ya mimea, na mwili wa mtoto ndio unaoigeuza kuwa vitamini A, hasa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Humo mna kimeng'enya, chenye madini ya chuma ndani yake, ambacho kwa msaada wa oksijeni huikata beta-karotini katikati na kutoa molekuli mbili za retinali. Retinali hugeuzwa retinoli, yaani vitamini A, ikasafiri na mafuta ya chakula kupitia mishipa ya limfu hadi kwenye damu, na akiba ikawekwa kwenye ini.

Ila nyingi hupotea kabla haijakatwa. Beta-karotini haiyeyuki kwenye maji, na imefungiwa ndani ya seli za jani. Kukatakata na kupika huifungua. Mafuta huiyeyusha na kuchochea nyongo itoke. Matembele ya maji na chumvi tupu hupita na sehemu kubwa ya mali yake hadi chooni. Minyoo na kuharisha huzidisha hasara. Kwa sababu hizo, mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula huhesabiwa sawa na 1 tu ya retinoli. Mtoto wako anahitaji takriban 300 za retinoli kwa siku: piga hesabu, ni 3,600 za beta-karotini.

Kuhusu mawese, ndiyo, hapo unapoteza. Wekundu ule ndio karotini yenyewe. Rangi ikipauka, imeungua. Mawese mekundu yana takriban miligramu 500 za karotini za aina mbalimbali kwa kilo, na karibu nusu ni beta-karotini. Kijiko cha chai, gramu 5 hivi, kina kama miligramu 2.5, tena tayari zimeyeyuka kwenye mafuta. Pika matembele kwanza, kisha tia kijiko hicho kwenye fungu la mtoto mwishoni, moto ukiwa mdogo. Mawese yaliyobaki yafunike na kuyaweka gizani, kwani jua nalo huiharibu karotini. Mboga za kukausha pia zianikwe kivulini, si juu ya bati.

Matone usiyaache. Hutolewa kila baada ya miezi 6 kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na ni vitamini A iliyo tayari, haingojei kukatwa. Usihofu kwamba mboga zitamzidishia: akiba ikitosha, utumbo hupunguza ukataji. Akila karotini nyingi viganja vyaweza kuwa vya njano bila madhara, lakini weupe wa macho ukigeuka njano, hiyo ni dalili ya ugonjwa wa ini au nyongo, mpeleke hospitali. Mpeleke mapema pia akianza kujikwaa jioni, au ukiona mabaka meupe kama povu kwenye jicho: hizo ni dalili za upungufu wa vitamini A.

SWALI: Siagi ya ng'ombe wangu ni ya njano, maziwa ya mbuzi ni meupe pe. Mbuzi hawana vitamini A?
Mfugaji, Nzega, Tabora

JIBU: Wanayo, ndugu. Mbuzi hugeuza karibu karotini yote utumboni, kwa hiyo maziwa yake hubeba retinoli, ambayo haina rangi hiyo. Ng'ombe huacha nyingine ipite nzima mpaka kwenye mafuta na maziwa. Paka ndiye hawezi kuigeuza ipasavyo; lazima apate retinoli kutoka kwenye nyama, ini au samaki.

La kuangalia zaidi kwako ni kiangazi. Nyasi zikikauka karotini huisha, na ng'ombe huishi kwa akiba ya ini. Ndama huzaliwa na akiba ndogo sana. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ndiyo inayompa vitamini A ya kwanza. Anyonye saa chache baada ya kuzaliwa, usikamue dang'a kwa matumizi ya nyumbani. Ndama anayegongagonga miti jioni aonwe na mganga wa mifugo upesi.