Jibu: Katuni ya dakika 12 kwenda Oscar

Sheikh wangu wa Wete, umeuliza kama katuni yako ya dakika 12, ile ya mvuvi na pweza, inaruhusiwa kushindania Oscar. Inaruhusiwa. Inaingia kundi la filamu fupi za uhuishaji, ambalo ukomo wake ni dakika 40, ukihesabu na majina ya watengenezaji yanayopita mwishoni mwa filamu.

Kilichonishtua ni pale uliposema wiki ijayo unaipandisha YouTube. Nakuomba usifanye hivyo! Filamu fupi ikishatoka hadharani kwenye intaneti kabla ya kupata sifa ya kushindania Oscar, imejitoa yenyewe, na kazi ya miaka miwili unaipoteza kwa kubonyeza mara moja. Sifa hupatikana kwa kuonyeshwa siku saba mfululizo kwenye sinema ya kulipia katika miji maalumu ya Marekani, kama New York au Chicago, au kwa kushinda tuzo maalumu ya tamasha la filamu linalotambuliwa na waandaaji wa Oscar, kwa mfano Annecy kule Ufaransa. Kwa mifuko yetu, shika njia ya matamasha. Ila kuchaguliwa tu hakutoshi, lazima ushinde.

Ngome Kongwe wakati wa ZIFF, tamasha letu la filamu la Zanzibar, ionyeshe bila hofu. Maonyesho ya tamasha hayakuharibii kitu. Na kama bado uko chuoni, Akademi, taasisi hiyo hiyo inayotoa Oscar, ina tuzo zake za wanafunzi, nazo ukizishinda zinafungua mlango wa Oscar.