Je, Mkristo anafungwa na maneno ya Yesu peke yake?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni muumini wa kigango kimoja huku Newala. Katika jumuiya yetu ndugu wawili wanagombania mikorosho ya mpakani, na mmoja amekwisha kumshtaki mwenzake kwenye baraza la kata. Mwenyekiti aliwasomea Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6, ambamo Paulo anawakemea waumini wanaoshtakiana mbele ya wasioamini. Yule aliyeshtaki akafungua Biblia yake, ile ambayo maneno ya Yesu yamepigwa chapa kwa wino mwekundu, akatuonyesha kwamba mistari ile ni myeusi. Akasema Mkristo anafungwa na maneno mekundu tu. Mengine ni mawazo ya Paulo. Tulikosa la kumjibu. Je, ni kweli?

JIBU: Milele na milele, amina. Ndugu yangu katika Kristo, huyo mwenzenu ameshika jambo moja la kweli, na ni vema tumpe haki yake kabla ya kumsahihisha. Maneno ya Bwana wetu yana mamlaka ambayo hayana mfano. Ndiyo maana katika Misa tunaketi wakati wa somo la waraka, lakini Injili inapotangazwa tunasimama sote, wazee kwa watoto, na kuchora ishara ya msalaba kwenye paji la uso, midomoni na kifuani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Ufunuo wa Mungu, ulifundisha kwamba hata kati ya Maandiko yote Injili zina nafasi ya kwanza, kwa kuwa ndizo ushuhuda mkuu wa maisha na mafundisho ya Neno aliyefanyika mwili.

Tujiulize basi mamlaka hayo yanatoka wapi. Manabii walianza kwa kusema, "Bwana asema hivi", kwa maana walikuwa wajumbe, na mjumbe hutaja aliyemtuma. Waandishi wa Sheria nao waliegemea mapokeo ya wazee waliowatangulia. Yesu hakufanya hivyo. Alipanda mlimani, akataja amri iliyotolewa Sinai, "Mmesikia watu wa kale walivyoambiwa, Usiue", kisha akaongeza, "Bali mimi nawaambieni" (Mathayo 5:21-22). Hakuna nabii aliyewahi kuthubutu kuiweka "mimi" yake mahali hapo. Kule Kapernaumu alimwambia mtu aliyepooza kwamba dhambi zake zimesamehewa, na waandishi waliokuwa wameketi pale wakauliza mioyoni mwao ni nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa Mungu peke yake (Marko 2:7). Swali lao lilikuwa sahihi kabisa. Walichokosa ni kumtambua aliyekuwa mbele yao. Neno la Yesu linatenda kile linachokisema: dhoruba inatulia, mwenye ukoma anatakasika, Lazaro anatoka kaburini. Kwa hiyo uzito wa maneno yake hautokani na hekima yake tu, ingawa hekima hiyo ni kuu, bali unatokana na nafsi yake, kwa kuwa yeye ni Mwana, ambaye kwa njia yake Mungu amesema nasi mwisho wa siku hizi (Waebrania 1:2).

Kosa la mwenzenu linaanzia pale anapoyatenga maneno hayo na wale ambao Bwana mwenyewe aliwakabidhi. Yesu hakutuachia kitabu alichokiandika kwa mkono wake. Alichagua mitume, akawaambia, "Awasikilizaye ninyi anisikiliza mimi" (Luka 10:16), na usiku wa kuamkia mateso yake akawaahidi Roho Mtakatifu atakayewakumbusha yote na kuwaongoza katika kweli yote. Anayesema, "Namsikiliza Yesu, simsikilizi mtume wake," tayari ameacha kumsikiliza Yesu, maana maneno ya Luka 10:16 nayo ni mekundu.

Tena huo wino ni jambo la juzi tu. Mchapishaji mmoja wa New York, Louis Klopsch, ndiye aliyetoa Agano Jipya la namna hiyo mwaka 1899, akiwa amesukumwa na maneno ya Bwana kuhusu damu yake katika Luka 22:20. Nia yake ilikuwa ya ibada, wala sioni ubaya ndani yake. Lakini nakala za kale za Kigiriki hazikuwa na rangi hiyo, wala hazikuwa na alama za kufungua na kufunga usemi, na kwa sababu hiyo wataalamu hadi leo wanajadiliana kama Yohane 3:16 ni maneno ya Yesu akizungumza na Nikodemo au ni tafakari ya mwinjili.

Tazameni pia ni waraka gani anaotaka kuuweka kando. Kwa hesabu ya wataalamu wengi, Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho uliandikwa katikati ya miaka ya 50, kabla ya Injili zote nne. Maneno ambayo padre anayatamka juu ya mkate na kikombe, yaani maneno ya Bwana yaliyo matakatifu kuliko yote tunayoyasikia kila Dominika, yalitufikia kwanza kwa maandishi kupitia kalamu ya Paulo, katika sura ya 11 ya waraka huohuo. Na Paulo hakuwa mtu wa kuchanganya mambo. Katika sura ya 7, anapofundisha juu ya ndoa, anatenganisha waziwazi agizo la Bwana na shauri lake mwenyewe: "nawaambia mimi, wala si Bwana". Mtu anayeogopa kiasi hicho kumsingizia Bwana neno asilolisema anastahili kuaminiwa.

Sasa turudi kwenye ile mikorosho. Hata tukikubali kwa dakika moja kusoma maneno mekundu peke yake, ndugu huyo hatapata nafuu. Bwana anasema, "Patana na mshitaki wako upesi" (Mathayo 5:25). Anasema anayetaka kukushtaki aitwae kanzu yako, umwachie na joho pia. Paulo naye aliwataka Wakorintho wamtafute mtu mmoja mwenye hekima miongoni mwao awaamue. Wala Paulo hakukataza kila shauri, maana yeye mwenyewe alikata rufani kwa Kaisari (Matendo 25:11), na mjane anayenyang'anywa shamba hatendi dhambi akilitafutia haki barazani.

Kwa ndugu hawa wawili, utaratibu umo katika Mathayo 18:15-17, nao ni wa Yesu mwenyewe. Aliyeshtaki aende kwanza kwa mwenzake, wawili peke yao. Wasipoelewana, wachukue wazee wawili wanaoijua mipaka ya zamani, wakatembee nao shambani. Ikishindikana, shauri liletwe mbele ya jumuiya na katekista awepo, na hadi hapo ni vema aliyeshtaki aombe shauri la baraza lisimame.