Wasomaji Wanauliza: Mazimwi, Nyota na Majumba ya Kale Kwenye Klabu ya Vitabu

Barua za mwezi huu zimetoka kwa klabu zinazosoma riwaya za kisayansi, fantasia na zile za kutisha ziitwazo gothiki. Tumejibu zile zenye shida inayowakuta wengi.

Tuko kumi na mmoja na tumeanza *Frankenstein*. Wengine wana kitabu chenye sura 24 mfululizo, wengine wana chenye sehemu tatu na kila sehemu inaanza tena na sura ya kwanza. Kikao kilivurugika kwa sababu kila mtu alikuwa ameishia mahali pake. Tufanyeje? (Msomaji, Arusha)

Hakuna aliyeuziwa kitabu kibovu. Mna matoleo mawili. Mary Shelley aliitoa riwaya hii London tarehe 1 Januari 1818, juzuu tatu, nakala 500, bila jina lake. Mwaka 1831 aliirekebisha ikatoka katika juzuu moja, sura zikihesabiwa moja kwa moja hadi 24. Sura ya kwanza ya zamani aliipanua ikawa mbili, na hiyo ndiyo siri ya kuoanisha hesabu zenu. Juzuu ya kwanza ya 1818, yenye sura 7, ni sura ya 1 hadi ya 8 kwa mwenye toleo la 1831. Ya pili, yenye sura 9, ni ya 9 hadi ya 17. Ya tatu, yenye sura 7, ni ya 18 hadi ya 24. Barua nne za nahodha Walton zinatangulia kote kuwili.

Msiwalazimishe watu kununua toleo moja, maana mchanganyiko huo una faida. Katika toleo la 1818 Elizabeth ni binamu yake Victor Frankenstein, kijana msomi anayemuumba kiumbe. Katika lile la 1831 ni yatima aliyelelewa na familia. La muhimu zaidi, Victor wa 1831 hutaja majaaliwa mara nyingi kuliko yule wa 1818. Wawili wenu wasome kwa sauti sehemu ileile, kila mmoja kutoka toleo lake, kisha ulizeni: lawama imepungua wapi?

Kuhusu kugawa vikao, gawanyeni kwa kufuata nani anasema, wala msihesabu kurasa sawasawa. Kwa hesabu ya 1831, kikao cha kwanza kiwe barua pamoja na sura ya 1 hadi ya 10, na kwa kuwa hilo ndilo fungu refu, jipeni wiki tatu. Cha pili kiwe sura ya 11 hadi ya 17, ambamo kiumbe anajisimulia na kutoa dai lake. Cha tatu kimalizie. Msisahau kwamba maneno ya kiumbe yanatufikia kupitia kwa Victor, aliyemsimulia Walton, naye Walton akamwandikia dada yake Uingereza. Karibu na mwisho Walton anaeleza kwamba Victor aliomba kuona maandishi hayo, akayasahihisha na kuyaongezea, hasa mazungumzo yake na adui yake. Wengi hupita hapo bila kusimama. Simameni. Ni nani kati ya hao alikuwa na sababu ya kutia chumvi? Swali hilo peke yake linatosha kujaza kikao cha mwisho.

Kikao kiwe cha muda gani, na watu wangapi? (Msomaji, Kisumu)

Dakika 90, watu sita hadi kumi. Mkizidi kumi na wawili, gawanyikeni, la sivyo wanne watasema na wengine watanyamaza. Muhtasari usizidi dakika mbili. Kisha kila mmoja asome fungu moja alilochagua, lisilozidi mistari kumi, akitaja ukurasa, kabla hajasema kama kitabu kimempendeza. Mkianza na "nimependa" au "sikupenda", watu hujifunga kwenye kambi na hawatoki tena.

Ili kupanga tarehe, kila mwanachama apime dakika anazotumia kwa kurasa kumi, kisha azidishe. Pangeni kwa kasi ya aliye wa polepole.

Turuhusu waliotazama filamu tu? (Msomaji, Dodoma)

Waje wasikilize, lakini wasiongoze. Filamu ya *Frankenstein* ya mwaka 1931 ina radi, mitambo, msaidizi na kiumbe asiyejua kusema. Katika kitabu Victor yuko peke yake katika chumba cha juu huko Ingolstadt, namna alivyotia uhai haielezwi, na kiumbe ni msemaji hodari aliyejisomea *Paradise Lost*, utenzi wa Milton. Kiumbe huyo hana jina. Frankenstein ni jina la aliyemuumba. Filamu itazameni pamoja baada ya kikao cha mwisho.

Mwenzetu mmoja ni mhandisi. Kila tukisoma riwaya ya kisayansi anasema "hili haliwezekani", na mazungumzo yanakufa. (Msomaji, Nakuru)

Msimnyamazishe, mpeni kazi. Swali la "inawezekana?" hujibiwa ndiyo au hapana, kisha hakuna la kuongeza. Riwaya ya kisayansi humwomba msomaji akubali jambo jipya moja, halafu yenyewe hubanwa na jambo hilo hadi ukurasa wa mwisho. Mhandisi wenu ndiye mtu wa kukagua kama imebanwa kweli.

Chukueni *The Time Machine* ya H. G. Wells (1895). Mashine yenyewe imeelezwa kwa maneno machache: nikeli, pembe za ndovu, fuwele ya mwamba, wenzo wa kwenda mbele na wenzo wa kurudi nyuma. Wells hana haja ya zaidi ya hapo, kwa sababu anakimbilia mwaka 802,701, ambako binadamu wamegawanyika: Eloi wanaishi juu kwa raha, Morlocks chini ya ardhi wakiendesha mitambo. Msafiri anabuni maelezo, ushahidi mpya unayavunja, anabuni mengine. Mwambieni mhandisi aandike orodha ya dhana hizo na kilichovunja kila moja. Hapo mtamwona anavyochangamka. Wengine wajibu hili: ni jambo gani la Uingereza ya siku za Wells lililoachwa likue mpaka likazaa watu wa namna mbili?

Kisha someni *Kindred* ya Octavia Butler (1979), kwa maoni yetu kitabu bora kabisa cha kumaliza ubishi huu. Dana, mwandishi mweusi wa California mwaka 1976, anavutwa hadi Maryland ya enzi za utumwa. Hakuna mashine, hakuna maelezo hata sentensi moja. Sheria, hata hivyo, ni kali: anavutwa maisha ya Rufus, mtoto wa mwenye shamba, yanapokuwa hatarini, na anarudi anapoamini kwamba yake mwenyewe yamo hatarini. Rufus ni babu yake wa kale, kwa hiyo akimwacha afe anajifuta mwenyewe. Chora safu tatu kwenye daftari: sheria, gharama, mahali ilipovunjwa. Safu ya tatu itabaki tupu, na ya pili itajaa kila safari. Safu hizohizo zinafaa kwa fantasia: katika *A Wizard of Earthsea* ya Ursula K. Le Guin (1968), uchawi unadai ulijue jina la kweli la kitu, na kijana anayejionyesha hukiachilia kivuli kinachomwinda yeye mwenyewe.

Tumeambiwa *Dracula* inaweza kusomwa kwa tarehe, kila siku tusome kilichoandikwa siku hiyo. Ni vizuri? (Msomaji, Mombasa)

Inawezekana, kwa sababu kitabu chote cha Bram Stoker (1897) ni shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti, kuanzia tarehe 3 Mei hadi mwanzoni mwa Novemba. Lakini kwa usomaji wa kwanza tunawashauri msifanye hivyo. Sura nne za mwanzo zinamfungia Jonathan Harker, wakili kijana, ndani ya ngome ya Dracula mnyonya damu hadi mwisho wa Juni. Sura ya 5 inarudi nyuma hadi Mei, kwenye barua za Mina, mchumba wa Harker, na rafiki yake Lucy. Stoker alipanga hivyo makusudi: unamwacha mtu kwenye hatari, unakwenda kusoma habari za uchumba huku moyo uko kwingine. Ukifuata tarehe, barua hizo zinachomekwa katikati ya kifungo chake na ile kani inalegea. Tena mzigo hauko sawa: kuna siku za kiangazi zisizo na kitu, na siku za Oktoba zenye kurasa nyingi mno kwa mtu aliyetoka kazini.

Gawanyeni sura 27 hivi: 1 hadi 4, 5 hadi 10, 11 hadi 16, kisha 17 hadi 27 kwa vikao viwili mkihitaji. Kwenye sura ya 17 Mina anachapa kwa taipu maandishi yote tuliyokwisha kuyasoma, na kuanzia hapo wahusika wenyewe wanakuwa wasomaji wa kitabu kilekile tulichokishika. Mpeni mwanachama mmoja kazi ya kuandika nani ameandika nini na siku gani. Mwishoni ataona kwamba Dracula hana shajara hata moja. Wapinzani wake wote wameandika, yeye ameandikwa. Kiumbe wa Mary Shelley alipewa sura sita za kujieleza. Linganisheni.

Wawili katika klabu yetu hawataki visa vya mashetani kwa sababu ya imani. Wengine wanapenda kutishwa. Tutengane? (Msomaji, Lamu)

Hapana. Tangu karne ya 18 gothiki ina njia zaidi ya moja. Katika *The Mysteries of Udolpho* ya Ann Radcliffe (1794), sauti na vivuli hatimaye hupewa maelezo ya kawaida. Katika *The Monk* ya Matthew Lewis (1796), shetani ni shetani, na kuna ubakaji pia. Henry James katika *The Turn of the Screw* (1898) anawaacha wasomaji wakibishana kama mizimu ipo au ni akili ya mlezi wa watoto. Chagueni njia kwanza, kitabu baadaye, na anayependekeza aseme mapema mna nini ndani. Kuficha ndiko kunakovunja klabu.

*Udolpho* ni juzuu nne, mzigo mzito kwa kuanzia. Anzeni na *Dr Jekyll and Mr Hyde* ya Robert Louis Stevenson (1886): sura 10 tu, na chanzo cha balaa ni dawa iliyochanganywa na daktari. Simameni mwisho wa sura ya 8. Sura mbili za mwisho ni maandishi ya madaktari wawili yanayofichua kila kitu, na asiyeijua siri anastahili kikao kizima cha kukisia.

Vipo vya Kiswahili, au ni vya kigeni tu? (Msomaji, Bujumbura)

Vipo, ila mara nyingi havipangwi chini ya majina haya. *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert (1952) inaanza na mtu mwema anayewachapa manyani wawili kila usiku; ajabu inatangulia, sababu inafuata baadaye, kama gothiki inavyotaka. *Kusadikika* yake (1951) ni nchi inayoelea angani, na Karama anajitetea mahakamani kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Wagawieni wanachama sita safari moja moja. Inatosha kikao kimoja. Wapenda vyombo vya angani wachukue *Walenisi* ya Katama Mkangi (1995).

*Nagona* (1990) ya Euphrase Kezilahabi ni nyembamba, na wembamba huo unadanganya. Ipeni vikao viwili, na asiwepo wa kulazimisha msuko ulionyooka. Andikeni picha zinazojirudia, kisha mwendelee na *Mzingile* (1991).

*Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed (2001) iwekeni mara tu baada ya *Dracula*, kabla orodha ya shajara haijapotea. Hapa aliyekufa anarudi kwa mjukuu wake mwenye cheo, na anakuja na maneno yake mwenyewe mdomoni.