Taa haiwaki ndege imeruka, kipimo kimekufa safari imefutwa: kwa nini?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli, naishi Wete. Wiki iliyopita nilipanda ndege ndogo ya injini moja kutoka Pemba kuja Unguja, nikakaa nyuma ya kepteni. Kabla ya kuwasha injini alishuka, akaizunguka ndege, akapiga simu, akasoma kitabu, akaandika daftarini, kisha akabandika kikaratasi pembeni ya swichi. Tukaruka. Tulipofika aliniambia taa moja ya kutua ilikuwa haiwaki. Mwezi wa nyuma safari hiyo hiyo ilifutwa kwa sababu ya kipimo cha presha ya oili tu, na injini ilikuwa inanguruma vizuri. Mbona ubovu mmoja unaruhusiwa na mwengine hauruhusiwi?

JIBU: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Kitabu alichokisoma kepteni ndicho chenye jibu. Sisi mafundi na marubani tunakiita MEL. Ni orodha ya vifaa ambavyo ndege inaweza kuruka vikiwa havifanyi kazi, na masharti ya kila kimoja. Ipo orodha mama ya aina ile ya ndege, na kila shirika hutunga yake kutokana na hiyo. Yake inaweza kuwa kali zaidi, haiwezi kuwa legevu zaidi. Hapa kwetu huidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Wengi huielewa kinyume. Humo hukuti bawa wala usukani, na si kwamba vimesahauliwa. Chochote kinachohusu usalama wa kuruka kisichotajwa humo, lazima kiwe kizima.

Sasa taa yako. Mchana kweupe rubani anauona uwanja bila ya taa, kwa hivyo ruhusa ipo. Usiku ni jambo jengine. Tuseme mnaondoka Chake Chake saa kumi na moja na nusu jioni, na safari ni kama nusu saa. Mkimsubiri abiria aliyechelewa, jua linakuchwa mkiwa njiani, na ruhusa ile haipo tena. Kepteni akisema tuondoke sasa au tulale, msimuone mkali.

Kipimo cha oili hakina mjadala. Mngurumo wa injini hauelezi presha ya oili mpaka mambo yameshaharibika. Kwenye injini za Caravan, ndege tunazozizoea hapa, oili hailainishi tu vyuma. Ndiyo pia inayobadilisha pembe ya mapanga ya propela. Mshale ukilala, hujui kilichokufa ni kipimo au ni presha yenyewe. Injini ni moja, na baina ya Pemba na Nungwi ni bahari ya kilomita 50 hivi. Mimi pia ningeifuta safari ile.

Ulichokiona wewe ni kazi iliyofanywa sawasawa. Swichi inazimwa. Pale inapotakiwa, kikatio cha umeme, kile kidude cheusi kama kifungo, kinavutwa nje na kuvishwa pete ya plastiki ili mtu asikisukume kwa mazoea. Kikaratasi kinamkumbusha rubani ajaye, na daftari linaandikwa tarehe, kwani ruhusa ina muda kwa daraja alilopewa kifaa humo orodhani: daraja B siku 3, C siku 10, D siku 120, bila ya kuhesabu siku yenyewe hitilafu ilipoonekana. Daraja A muda wake huandikwa palepale kwenye kifaa. Simu nadhani ilikuwa kwa fundi. Mambo mengine rubani anayakamilisha mwenyewe, mengine hayaendi mpaka fundi aje atie saini, na ndege nyingi zinazotua Pemba fundi wake yuko ng'ambo.

Ninachokiogopa mimi ni hitilafu isiyoandikwa. Jioni moja, Kisauni, kwenye uwanja wa ndege wa Unguja, rubani aliniambia kwa mdomo tu kwamba redio ya pili inakatakata, siku ya tatu sasa, hakuiandika kwa sababu huwa inarudi yenyewe. Nilichomoa plagi ya nyuma: pini zimeota kutu ya kijani, chumvi ya bahari hiyo. Kuisafisha ilikuwa kazi ya dakika 20. Lakini kwa siku tatu ndege ilibeba watu, na lau redio ya kwanza nayo ingekufa hewani, kepteni angekamata ya pili akiamini ni nzima. Nilikataa kuiachia mpaka ameandika zote, tarehe kwa tarehe.

Jengine, Mwalimu: orodha inamruhusu kepteni, haimlazimishi. Taa ile ile, siku ya mvua za masika na mawingu mazito juu ya Unguja, anaweza kusema haendi, na hakuna bosi wa kumlazimisha. Siku hiyo abiria wenzako wakianza kumpigia kelele dirishani, wewe uliyekiona kikaratasi waeleze.