Digadi limevunjika au madigadi imevunjika?

Swali: Mwanangu aliandika kwenye insha kwamba "digadi la nyuma la baiskeli lilikatika". Mwalimu alimsahihisha kwa wino mwekundu, akasema neno ni "madigadi" hata likiwa moja. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mtoto yuko sahihi, na alichofanya ni sarufi ya Kiswahili ikifanya kazi yake barabara.

Asili ni neno la Kiingereza "mudguard", lililoungwa kwa maneno mawili: "mud", yaani tope, na "guard", yaani kinga. Hilo la pili Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, ambao nao walilipata kwa Wajerumani wa kale. Ndiyo maana "guard" na "ward" ni ndugu. Kwetu liliingia kwa masikio, si kwa maandishi. Ushahidi ni ile "r" ya "guard": Waingereza wengi hawaitamki hapo, nasi hatunayo. Kila "d" ikapewa irabu "i", maana silabi zetu hupenda kuishia na irabu: ma-di-ga-di.

Hapo sasa ndipo panaponoga. Mswahili akisikia "ma" mwanzoni mwa jina la kitu, husikia wingi: matairi, magurudumu. Akaiondoa, akabaki na digadi, ingawa "ma" hiyo ni kipande cha tope la Kiingereza! Kitabu nacho kilipita njia hiyohiyo. "K" yake ni ya mzizi wa Kiarabu, na wingi wake huko ni "kutub", lakini sisi twasema vitabu na hakuna anayetusahihisha.

Hata hivyo, si kila "ma" hukatwa. Manowari imetokana na "man-of-war", na imebaki nzima: manowari ilitia nanga, manowari zilitia nanga. Kwa nini? Naona sababu iko kwenye kitu chenyewe. Madigadi ya baiskeli huwa mawili, la mbele na la nyuma, na fundi akifungua moja lazima awe na jina la kuliita. Meli ya kivita haina pacha wa kufungwa naye.

Wapo wanaosema "madigadi imevunjika", na wanaeleweka. Mimi huandika digadi limevunjika, madigadi yamevunjika, na ndivyo ningemshauri mtoto aendelee kuandika.