Maswali na Majibu: Malori ya Kasi na Kelele za Barabarani

Swali: Sisi wakazi wa Mikindani, kandokando ya barabara kuu iendayo Mingoyo, tumechoshwa na malori yanayokimbia usiku, hasa msimu wa korosho. Ombi la matuta tulipeleke wapi?

Jibu: Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, ilhali zile za mitaani na vijijini ni za TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Kwa hiyo barua yenu iende kwa Meneja wa TANROADS wa Mkoa, ikiwa imeambatishwa muhtasari wa mkutano wa mtaa, na nakala apewe diwani pamoja na polisi wa usalama barabarani. Elezeni malori hupita kwa wingi saa ngapi na watoto wa shule huvukia wapi, kwa kuwa barua inayosema tu kwamba mmechoka haimpi mhandisi kitu cha kupima.

Swali: Hapa Mnazi Mmoja tuliwekewa rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, mbele ya nyumba zetu. Mwendo umepungua, lakini hatulali. Tufanyeje?

Jibu: Malalamiko haya ni ya haki, na kwa maoni yangu yangeepukika. Rasta humzindua dereva kwa kutikisa gari, na mtikisiko huohuo ndio mngurumo unaowaamsha. Tuta kubwa nalo lina kelele zake: lori lililosheheni hufunga breki, hupanda polepole, kisha hunguruma likitafuta mwendo upya, na tela tupu hubamiza vyuma vyake. Ombeni vizuizi hivyo visogezwe hadi kabla ya nyumba za kwanza, karibu na kibao cha kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu kisheria katika maeneo ya makazi, kisha trafiki wenye tochi za kupimia mwendo wakae ndani ya kipande hicho ili dereva asikanyage mafuta tena akishavuka. Gari linalokwenda kwa mwendo mdogo usiobadilikabadilika ndilo lenye kelele kidogo.

Swali: Tunaweza kujiwekea tuta la udongo na mawe?

Jibu: Hapana. Sheria hairuhusu, na tuta lisilo na rangi wala kibao humwangusha wa bodaboda gizani kabla halijamzuia mwenye lori.

Swali: Nyumba yangu iko barabarani, Lindi. Nipande michongoma au nijenge ukuta?

Jibu: Michongoma itakuficha macho ya wapita njia, lakini kelele itapenya. Ukuta mzima, usio wa matofali ya matundu, na mrefu kiasi cha kuziba barabara isionekane dirishani, husaidia kweli. Kabla ya kuchimba msingi, hata hivyo, pima: Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo lililotengewa barabara, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, na ukuta utakaoujenga leo ndani ya eneo hilo unaweza kubomolewa bila fidia. Nafasi ikikosekana, hamishia vyumba vya kulala upande wa nyuma, huku mbele ubakishe sebule na stoo.